Waliomba Mtu Mmoja

Jumapili, 2 Juni

Leo tena tumeipigia simu kelele.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya umisheni. Mchungaji akainua simu yake juu kama mtu anayetafuta mtandao, akasema, nikifika tatu, kanisa lote. Moja, mbili, tatu — "Tunawapendaaa! Tunawaombeaaa!" Watoto wakapitiliza kama kawaida yao. Kisha akabonyeza, sauti zetu zikaenda kwa wamishenari wetu, na sisi tukaketi tukipangusa jasho kama watu waliomaliza kazi. Huu mwaka wa nne.

Nilijiuliza Alto anaisikilizia wapi. Jikoni? Zamani angeniandikia palepale: nimekusikia, umeingia kabla ya tatu. Tulikaa bega kwa bega kwenye kwaya tangu tukiwa wasichana, sauti ya pili, ndiyo maana nikamwita Alto, na jina likamganda mpaka siku ya harusi yake na Mpole. Mpole alikuwa anafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Hajawahi kumpandishia mtoto sauti, hata yule aliyemmwagia wino. Watu wawili wazuri. Tukawawekea mikono, tukawapeleka mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, tukarudi kwetu.

Alto hajajibu. Hata mwezi uliopita hakujibu.

Picha yao bado iko ukutani karibu na mlango, ile yenye fremu iliyopasuka. Mzee wa zamu alikuwa anamwonyesha mgeni: hawa ndio wamishenari wetu. Mgeni akauliza wanaendeleaje. "Wazima kabisa," mzee akasema. Kajuaje?

Jumatano, 5 Juni

Kikao cha kamati ya umisheni. Chumba cha nyuma, kile cha viti vya plastiki na spika mbovu. Mimi ni mjumbe kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa na homa. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Mimi sikuwepo, na langu wakanipa.

Mpole ametuma ujumbe wa sauti. Katibu akaucheza. Katibu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mkuu wa shule mstaafu, na simu anaishika kwa mikono miwili kama tasbihi — basi, nisiseme vibaya. Mpole anasema hawana shida ya vitu. Wanaomba mtu mmoja tu aende akae nao wiki mbili. Asiende kuhubiri, asiende kukagua kazi. Akae nao tu. Mwenzangu hajambo ila amechoka, anasema. Aliongea kwa sauti ya mtu asiyetaka asikike chumba cha pili.

Ikawa kimya. Nikafurahi — nikadhani wamesikia!

Shemeji akakohoa. Mtu mmoja? Kanisa zima hili tupeleke mtu mmoja? Watatuonaje?

Nikasema ndicho walichoomba. Akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu bila kunyoosha mkono. "Shemeji yangu, mkono mtupu haulambwi."

Mchungaji akasema kweli, upendo wa kanisa hauwezi kubebwa na mtu mmoja. Basi waende watatu. Halafu mtu wa tatu akitoka kwa akina mama, vijana watalalamika. Na kwaya je? Kabla ya sala ya kufunga wamefika saba.

Nikasema niende mimi. Peke yangu, wiki mbili, cherehani itanisubiri. Wakacheka kwa upendo. Hakuna kinachoniudhi kama kuchekwa kwa upendo.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Alikuwa amefungua redio ya mtu, skrubu zote ziko kwenye kisahani changu cha chai. Hakuinua macho. "Mtu kaomba kikombe cha maji, nyie mnampelekea tarumbeta."

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Alto. Ameita "dada yangu" halafu akanyamaza muda. Nikajaza. Nikamweleza habari za kwaya, za mvua, za jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Akacheka mahali pa kucheka. Nilipokata simu nikagundua hakuniambia kitu chochote. Na mimi sikumwachia nafasi.

Jumapili, 9 Juni

Imetangazwa. Ujumbe wa upendo kwa wamishenari wetu. Makofi, vigelegele, mtu mmoja akasimama kabisa. Idadi sasa ni kumi na wanane, maana kwaya haiendi nusu na mpiga ngoma haendi bila mke wake.

Halafu Shemeji akasimama na karatasi. Kutakuwa na sare. Mashati kwa wanaume, magauni kwa akina mama, kitambaa kimeshapatikana, rangi ya zambarau. Fundi tunaye wetu. Kanisa lote likageuka kunitazama. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Mimi niliyesema aende mmoja ndiye nishone za kumi na wanane. Mungu ana ucheshi wake.

Alhamisi, 13 Juni

Wamekuja kupimwa. Duka limejaa toka asubuhi, kuna waliokaa juu ya mafurushi ya nguo za wateja.

Mwenyekiti wa kwaya hataki gauni la kubana kwa sababu ya safari, anataka la kubana kwa sababu ya picha. Mzee wa zamu anavuta tumbo ndani ninapompima, nikimaliza analiachia, na mimi naongeza inchi mbili kimyakimya. Mke wa mpiga ngoma ameuliza kama kule kuna maji ya moto. Mwingine ameuliza kama mtandao unashika. Kuna aliyeuliza Alto bado mwembamba, maana ana nguo angependa kumpelekea ila hajui kama zitamtosha. Huyo nilimshukuru moyoni, walau alimfikiria kuwa ana mwili.

Hakuna aliyeuliza amechoka na nini.

Nilimuuliza mwenyekiti wa kwaya, kwa upole, tukifika tutafanya nini haswa. Akanihesabia kwa vidole: tutaingia kwa wimbo kutoka langoni, ngoma mbele. Mapokezi. Risala. Zawadi. Chakula. Tamasha la jioni kwa majirani. Jumapili ibada, halafu kurudi.

Na kukaa nao?

"Si ndiyo kukaa nao huko, mama?"

Nikamwambia ainue mkono nipime kwapa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji nyumbani. Nilijipanga njia nzima, nikasema leo sitauma maneno.

Alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli ya mjukuu wake, mikono myeusi. Mkewe akaniletea chai. Nikamwambia yote. Kwamba Mpole hakuomba tamasha. Kwamba kumi na wanane kwenye nyumba ya vyumba viwili ni mzigo, hata wakilala shuleni pale jirani, kwa sababu watakula wapi na nani atapika? Kwamba miaka minne tumewapigia kelele na hatujui hata wanalala saa ngapi. Niliongea mpaka chai ikapoa.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aligeuza gurudumu, akasikiliza kama linavuja, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Binti yangu, nikienda peke yangu nitasema nini? Mtu kachoka, kakaa mbele yangu, mimi nimekaa mbele yake. Nitasema nini? Nikiwa na kwaya najua la kufanya."

Nimerudi na hasira ileile, ila sasa haina pa kukaa. Unamkasirikiaje mtu anayeogopa?

Lakini safari iko palepale. Hakusema ataibadilisha.

Jumanne, 18 Juni

Alto amepiga yeye mwenyewe. Mchana, nikiwa na gauni la mwenyekiti wa kwaya mapajani. Safari hii nilijibana. Nilijiambia, ukifungua mdomo kujaza kimya nitakushona midomo kwa uzi huu wa zambarau.

Ikawa kimya, na kimya, na kimya. Halafu akasema, dada, ni kweli mnakuja kumi na wanane?

Nikasema ni kweli.

Akauliza nitawalaza wapi. Nikasema shuleni. Akauliza nitawapikia nini, sufuria kubwa niliwapa wale waliohama. Waliohama akina nani? Ndipo akanieleza. Lile kanisa dogo walilolianzisha, lile tulilooneshwa picha, limegawanyika toka mwaka jana. Ugomvi wa nani awe mzee. Nusu wameondoka, waliobaki hawasalimiani. Mpole anazunguka nyumba kwa nyumba kuwapatanisha, anarudi amekauka. Taarifa aliituma, anasema. Nakumbuka ile taarifa! Shemeji alisoma mbele ya kanisa ile sehemu ya ubatizo, akasema mengine ni changamoto za kawaida, tukapiga makofi.

Halafu akasema, silali, dada. Nalala kidogo alfajiri, basi. Na siombi tena. Nikifunga macho naona bati la dari tu. Natembea na watu wanasema mama tuombee, naomba kwa mdomo, ndani hakuna mtu.

Akasema, usimwambie mtu.

Nikasema sitasema. Nikataka kuongeza neno la faraja, lile lolote, nikaliacha. Tukakaa hivyo kwenye simu. Nilisikia kuku wake wakipita.

Akasema, kumbe ukinyamaza nakusikia zaidi. Kisha salio likakata, langu au lake, sijui.

Gauni la mwenyekiti nimelishona mkono wa kushoto kulia. Nimefumua.

Jumatano, 19 Juni

Siwezi kufanya kazi. Nimefungwa pande zote. Nikisema, watamwombea kwenye spika, jina na hali yake, na atasikia mpaka kule. Nikinyamaza, watampelekea ngoma.

Mume wangu ameona sili. Hakuuliza, ila ameosha vyombo. Redio ya mtu bado iko wazi mezani, inaongea peke yake bila kifuniko.

Jumapili, 23 Juni

Leo nilijaribu.

Baada ya matangazo nikanyoosha mkono, nikaomba dakika moja. Shemeji akanipa kipaza sauti kwa shingo upande. Nikasema, wapendwa, wenzetu waliomba mtu mmoja wa kukaa nao. Labda tupunguze. Labda ngoma ibaki. Labda twende wachache, tukakae, tusikilize.

Kulikuwa na ukimya mzuri kidogo. Niliuona kwenye nyuso mbili tatu, hasa yule dada mwenye nguo za kumpelekea Alto.

Halafu nyuma mtu akasema, "Amina!" — na mpiga ngoma akadhani ni ishara, akagonga. Kwaya ikasimama. Wakaimba. Watu wakacheza mpaka kwenye ngazi. Shemeji akachukua kipaza sauti chake, akaniambia sikioni, vizuri sana shemeji, umetutia moyo.

Nimewatia moyo!

Nimekaa kwenye choo cha kanisa nikalia kwa hasira, si kwa kingine. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini hawa si watu wa kufa, ndicho kinachonichosha. Hawa wanawapenda kweli. Mzee wa zamu anafunga kula kila Ijumaa kwa ajili ya Mpole, anafunga na ana vidonda vya tumbo. Wangekuwa wabaya ingekuwa rahisi.

Baada ya ibada programu imegawiwa. Kurasa tatu. Nimetafuta mahali palipoandikwa wamishenari wanasema nini. Papo. Dakika tano, kati ya zawadi na chakula, "neno la shukrani".

Jumatatu, 24 Juni

Nimepata wazo. Usiku nilikuwa nakasirika, asubuhi nikaamka nalo.

Nimekwenda kwa Shemeji na mashati yake matatu yaliyokamilika — hongo halali. Alipokuwa mbele ya kioo nikamwambia, Shemeji, msafara mkubwa kama huu hauwezi kufika bila mtangulizi. Nani ataangalia shule wanakolala? Nani atatundika bango? Msije mkafika mlango umefungwa, itakuwa aibu ya kanisa zima.

Neno aibu lilifanya kazi. Akageuka upande, akatazama kola. "Hilo ndilo nililokuwa nafikiria," akasema. Bila shaka.

Natangulia Alhamisi. Wao wanatoka Ijumaa, wanalala njiani kwa kanisa rafiki, wanaingia Jumamosi adhuhuri. Nitakuwa na Alto siku moja na nusu. Aliomba wiki mbili. Lakini mwenye njaa hachagui kijiko.

Mume wangu amenifungia redio ndogo nimpelekee Mpole. Ameitengeneza mwenyewe toka vipande. "Mwambie haina kelele," akasema.

Alhamisi, 27 Juni

Nimefika jioni, miguu imevimba. Bango liko kwenye begi, limekunjwa mara nne. Ni kubwa kuliko shuka. KANISA LENU LINAWAPENDA, na picha yao ya ukutani imekuzwa, Alto anacheka meno yote.

Alto aliyenifungulia lango hakuwa na zile nyama za mashavu. Nilimkumbatia nikahisi mifupa ya mgongo kupitia gauni. Nyumba safi mno, safi ya mtu asiyelala. Mpole akanipokea begi, akaniita dada, akauliza wengine wako wapi huku anachungulia nyuma yangu. Nikasema leo niko peke yangu. Aliachia pumzi mpaka mabega yakashuka.

Ijumaa, 28 Juni

Niandike ukweli. Kukaa na mtu ni kazi ngumu kuliko kushona.

Asubuhi nilianza kufagia. Nikaosha sufuria. Nikaona pazia lina pindo limefumuka, nikatafuta sindano. Nikaenda kuangalia shule, madarasa mawili, nimepanga na mlinzi habari ya mikeka. Nikarudi nikashika ndoo. Alto alikuwa kwenye kigoda jikoni, ananifuata kwa macho tu.

"Dada," akasema. "Kaa."

Nikasema namalizia hii ndoo.

"Hata wewe umekuja na programu?"

Nikaweka ndoo chini. Nikakaa. Nimegombana na kanisa zima kuhusu kukaa, na matako yangu mwenyewe hayajui!

Tukakaa. Mikono yangu nikaikalia. Alto akaanza polepole, halafu akasema mengi, bila mpangilio. Mwanamke aliyekuwa rafiki yake hapa, ambaye sasa akimwona sokoni anavuka barabara. Jinsi anavyoichukia Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ile sauti yetu ikiingia kwenye simu, anasema, Mpole huiweka masikioni mwake kwanza apime kama leo naweza kuisikia. Anasema siku moja Mpole aliificha simu chini ya mto.

Nikamwambia, na mimi nilikuwa mle napiga kelele. Akasema najua, unaingia kabla ya tatu.

Tukacheka. Kicheko chake cha kweli ni kibaya, kinakoroma, nilikuwa nimekisahau.

Mchana Mchungaji amepiga. Wameshaondoka, wote wazima, magauni yanapendeza. Bango umelitundika? Nikasema bado. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, nadhani alisogea pembeni ya basi: yukoje? Nikasema amechoka sana, Baba. Amechoka kweli. Mkiweza kuingia polepole, bila ngoma. Nyuma yake nilisikia wanaimba. Akasema, nitazungumza nao. Halafu mtu akamwita, simu ikakatika.

Atazungumza nao. Tutaona.

Jumamosi, 29 Juni

Alto amelala!

Ilikuwa baada ya chai. Tulikuwa kitandani kwake tumeegemea ukuta kama tulivyokuwa tunakaa zamani tukingoja zamu ya kuimba. Mpole alikuwa sebuleni, redio ya mume wangu inanong'ona. Alto alikuwa ananieleza kuhusu bati la dari, lina misumari mingapi, halafu sentensi ikakatika. Nikadhani anafikiri. Kumbe kichwa kimeangukia begani kwangu. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, halafu nikamlaza taratibu. Hakushtuka.

Mpole akaja mlangoni. Akasimama. Akatazama muda mrefu, mdomo wazi, machozi yakashuka na hakuyafuta. Ilimbidi aende njia panda akawapokee wenye basi, hawajui njia. Alivua viatu vyake, akavishika mkononi, akatoka peku mpaka nje ya lango ndipo akavaa. Hakuniambia nimwamshe wala nisimwamshe.

Jua likaanza kuingia dirishani, likawa linamfikia usoni. Pazia ni jepesi, halizuii kitu. Nikatazama huku na huku, nikafungua begi. Nimetundika bango. Nimelibana kwa pini zangu juu ya dirisha, maandishi nje, ndani upande mweupe. Chumba kimekuwa giza zuri. Amegeuka ukutani, anakoroma kama anavyocheka.

Mchungaji amepiga. Nikatoka uani kupokea. Wako karibu. "Bango umelitundika?"

"Nimelitundika, Baba."

"Mama yupo tayari? Katibu anataka asimame mlangoni, kuna picha."

Nikasema amelala. Nikasema tena, Baba, amelala, hajalala hivi kwa miezi. Naomba wakae kwanza shuleni. Naomba ngoma isipigwe. Sijui alisikia kiasi gani, kulikuwa na wimbo na honi. Alisema, "Subiri, subiri kidogo, hebu—" ikakatika. Nimempigia, inaita tu. Nimempigia Mpole. Akanong'ona, nipo nao, dada, wamenivalisha shati la zambarau, nimewaambia, Katibu anasema atafurahi akituona.

Nimefunga lango kwa kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwa gauni. Nimeweka kigoda hapa kizingitini, naandika kwa sababu nisipoishughulisha mikono itafungua.

Kumi na wanane wametoka mbali. Mzee wa zamu na vidonda vyake vya tumbo. Yule dada na nguo zake. Nitawafungia nje watu waliosafiri siku mbili kwa upendo? Nitaitwa nani nikirudi? Shemeji hatanisamehe mpaka kaburini, na mume wangu ndiye atakayekaa naye meza moja. Na nikifungua — wiki mbili aliomba. Amepata saa moja na kitu.

Ngoma.

Iko kona ya duka la mkaa. Wameingia na wimbo kama ilivyoandikwa. Watoto wa mtaa wanakimbia mbele yao. Nawaona sasa kupitia matundu ya lango, zambarau tupu, mishono yangu mwenyewe inanijia. Mpole yuko pembeni, ameinamisha kichwa.

Shemeji amefika wa kwanza. Anatikisa lango. Shemeji, fungua, tumefika.

Nimesimama, nimeweka kidole mdomoni. Yule dada ameniona. Amenyamaza. Mzee wa zamu amemtazama, naye amenyamaza. Wa nyuma hawaoni, wanaimba, ngoma haijui kitu.

Chumbani bado kimya.

Mchungaji amepenya mpaka mbele. Simu iko mkononi. Amenitazama, ametazama dirisha, bango, picha ya Alto anacheka meno yote. Ameelewa au hajaelewa, sijui. Anageukia kanisa lake. Anainua mkono juu, na sijui kama anawanyamazisha au anahesabu moja, mbili